Choo cha boti: namna ya kuchagua kinachofaa bahari ya Mtwara na Lindi

Ukimuuliza mwenye boti mashine yake ni ya farasi ngapi, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Muulize abiria wake wanajisaidia wapi, ataanza kukuna kichwa. Aliyewahi kusafiri kwa boti kwenda Songosongo, au kuzungushwa na wageni kule Msimbati, anajua mambo yanavyokuwa: wanaume wanasimama shetrini, na wanawake hawanywi maji tangu alfajiri wasije wakashikwa na haja katikati ya bahari. Kwa jua letu la Kusini hiyo ni njia ya haraka ya kumwangusha mtu mzima.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti ya faiba ya kubebea watalii, wa mashua au jahazi la mbao, wa boti ya uvuvi inayokesha baharini, na wa yule ambaye chombo chake ndiyo nyumba yake. Vyoo vya boti viko vya aina nyingi na karibu vyote vinafanya kazi kama boksi linavyosema. Vinavyokwama huku kwetu vinakwamishwa na mambo mawili ambayo boksi haliyataji: pa kumwagia ni shida, na watu wetu wanachamba kwa maji. Yamalize hayo mawili kwanza, habari za bakuli na pampu zitafuata zenyewe.

Hatua ya 1: Amua utamwaga wapi

Kila mfumo, uwe wa bei ya chini au wa mamilioni, unakuachia kitu cha kutupa. Njia ni tatu: baharini, kwenye choo cha nchi kavu, au kwenye lori la kunyonya maji machafu.

Bahari ina masharti yake. Kiambatisho cha 4 cha mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, MARPOL, kilichoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, kinaitaka meli imwage kinyesi kilichosagwa na kutiwa dawa ikiwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu. Kisichotiwa dawa ni zaidi ya maili 12, tena chombo kikiwa kinatembea, mwendo usipungue noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo maili 3 ni kilomita tano na nusu na maili 12 ni kama kilomita 22. Masharti hayo ni ya meli za tani 400 na kuendelea, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15, zinazokwenda nchi za nje. Boti yako ya futi 28 haimo, lakini vipimo hivyo vinakuonyesha bahari inataka nafasi kiasi gani mpaka uchafu upotee.

Sasa zipime safari zako. Kutoka Kilwa Masoko kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani huwezi kuzifikia maili 3 hata nahodha akisinzia. Lindi mjini na Kitunda zinatazamana kwenye mdomo wa Mto Lukuledi. Msangamkuu unaiona ukiwa umekaa Mtwara unakunywa chai. Mikindani ndiyo kabisa: ghuba ya ndani ina mlango mwembamba, na unachokimwaga maji yakiwa yanajaa kinaingia ndani kutalii. Maji yakipwa, akina mama wanashuka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza na kuokota kombe na chaza. Chaza anakula kwa kuchuja maji, hivyo vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo vilivyopita kwenye maji hayo anabaki navyo mpaka vifike kwenye sufuria, na kuna wanaomla bila kuiva vizuri. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mimi hata mjadala sifungui. Pale humwagi kitu.

Kwa boti nyingi za Kusini, basi, uchafu unarudi nchi kavu. Kabla hujanunua chochote nenda kaongee na mwenye choo: msimamizi wa hoteli unakotia nanga, serikali ya kijiji, au jirani mwenye choo cha shimo karibu na bandari. Mweleze ni lita ngapi, mara ngapi kwa wiki, na umlipe kitu. Angalia choo chenyewe kiko wapi. Sehemu za chini za pwani maji ya ardhini yako karibu sana, na choo kilicho ndani ya mita 30 kutoka kisima cha watu usikiongezee mzigo. Ukitegemea lori, uliza linaweza kusogea hadi wapi. Kuna mifumo mizuri sana yenye mdomo wa kunyonyea juu ya sitaha, ila lori likisimama barabarani na boti yako imekaa kwenye tope umbali wa mita mia, mdomo huo ni pambo.

Hatua ya 2: Hesabu watu, saa na lita

Mtu mzima anatoa mkojo wa lita 1 mpaka 2 kwa siku nzima, na haja kubwa yake ni gramu mia chache tu. Ukisoma hivyo unaweza kudhani ndoo moja inatosha kijiji.

Chukua mfano. Watu 8 wanatoka Kilwa Masoko asubuhi kwenda Songo Mnara kuangalia magofu, wanarudi alasiri. Kila mmoja aende haja ndogo mara 2, mkojo wa wote unakuwa lita 5 hivi. Haja kubwa, tuseme watu 2. Mpaka hapo tangi la lita 10 lina nafasi. Sasa weka kopo la chooni. Kopo la kawaida ni lita nzima, na mtu aliyelelewa vizuri halirudishi na maji: mara 16 za haja ndogo na 2 za haja kubwa, lita 18. Tangi la lita 20 limejaa hamjarudi hata nusu ya njia, na zaidi ya robo tatu ya kilichomo ni maji safi mliyoyabeba wenyewe kutoka Masoko.

Hesabu hii ndiyo inayowaangusha wengi. Wananunua choo kwa kufuata maelezo ya wazungu wanaotumia karatasi, wanaambiwa kinawatosha watu wawili siku nne, wanashangaa kimefurika siku ya kwanza. Fanya hesabu yako kwa abiria wako, kisha ongeza theluthi.

Hatua ya 3: Punguza maji ya kuchambia, usiyakataze

Usijaribu kuwalazimisha abiria watumie karatasi. Watabeba chupa zao za maji kwa siri na tangi litajaa vilevile. Kinachofaa ni kubadilisha chombo cha maji. Tafuta ile chupa ya kunyunyizia ya lita 2 yenye pampu ya mkono juu, inayouzwa kwa kazi za bustani. Ukiipiga pampu mara chache, inatoa maji yenye nguvu, na robo lita inamtosha mtu kujisafisha vizuri kuliko kopo. Lita 18 za mfano wetu zinashuka hadi 4 na nusu, na tangi linamaliza safari likiwa na nafasi. Nunua mpya. Mikoa yetu ina mabomba mengi ya kupulizia mikorosho, na lililowahi kubeba dawa halifai kwa kazi hii hata mwenye nalo aape kwamba ameliosha.

Maji ya bahari yanatoharisha, hilo halina ubishi, na ukichota pembeni unaokoa maji baridi. Lakini yakilala ndani ya tangi lililofungwa pamoja na kinyesi yananuka kuliko maji baridi, kwa kuwa yana salfeti nyingi, na bakteria wanaoishi bila hewa wanaigeuza kuwa ile gesi ya yai viza. Kwa tangi la kubeba, tumia maji baridi. Kwa ndoo inayomwagwa jioni ileile, ya bahari hayana neno.

Hatua ya 4: Zijue aina, uchague yako

Ndoo ndiyo ya kwanza na usiidharau. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, kiti cha plastiki juu yake, kilo chache za unga wa mbao kutoka kwa seremala, na kamba mbili za kuifunga isipinduke. Kila mtu akimaliza anafunika kwa konzi mbili za unga. Vumbi la makumbi ya nazi linanyonya vizuri zaidi na linapatikana bure mahali pengi. Maganda ya korosho usiyaguse: ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na hapa tunazungumzia ngozi isiyostahili kubabuliwa. Kwa boti za dagaa zinazokesha na taa, ndoo iliyofungwa vizuri ni jambo la usalama kabla ya usafi. Baharia anayechuchumaa ukingoni usiku, boti ikiyumba, mikono imelowa, akianguka hakuna atakayemsikia kwa kelele za jenereta.

Choo cha kubebeka cha plastiki, chenye tangi la maji safi juu na la uchafu chini, ndicho ninachokipendekeza kwa boti nyingi za watalii na za abiria wachache. Hakitoboi chombo, hakitaki umeme wala fundi. Vipande viwili vinabanwa kwa lachi, unakibeba cha chini kama dumu, unamwaga chooni kupitia mdomo wake mrefu. Ukienda dukani utashawishika kuchukua kikubwa kabisa. Subiri kwanza. Tangi la lita 20 likijaa, pamoja na plastiki yake, linakaribia kilo 25, na wewe hulibebi kwenye sakafu ya hoteli. Unalibeba wakati wa maji kupwa, maji ya magotini, chini kuna mwani na mawe yenye chaza, mpaka ufike mchanga mkavu, kisha upande ngazi. Tangi la lita 10 au 12 na jingine la akiba lililo tupu ni bora kuliko kubwa moja. Dawa yake pia iangalie: zile zenye fomalini zinaua bakteria wanaoozesha uchafu ndani ya choo cha shimo, na mwenye choo atakuja kulalamika kwamba choo chake hakishuki. Chukua isiyo na fomalini, au tumia maji tu na umwage kila siku.

Choo kikavu cha kutenganisha kinapeleka mkojo kwenye dumu mbele na kinyesi kwenye sanduku lenye vumbi la makumbi nyuma, na kifeni kidogo cha volti 12 kinavuta hewa kwenda nje. Watu wanaoishi kwenye mashua za matanga wanakipenda na wana haki. Mkojo na kinyesi vikitengana, harufu inapungua sana, na sanduku la watu wawili linaweza kukaa wiki kadhaa bila kumwagwa. Dumu la mkojo, ambalo mara nyingi ni la lita 8 hivi, utalimwaga kila baada ya siku mbili au tatu. Tatizo lake ni lilelile la kopo. Maji ya kuchambia yakiingia kwenye sanduku la nyuma, unapata uji. Watu wawili wanaojuana wanaweza kuzoea: wanajifuta kwanza, kisha wanachambia mahali pa pembeni penye mfereji wake. Abiria 12 waliopanda leo na kushuka leo hutawafundisha. Kwa boti ya abiria naona ni kupoteza pesa. Na kitakachotoka kwenye sanduku kisipelekwe kwenye mchicha kwa sababu tu kimekauka. Kichimbie chini, mbali na kisima, au kiache mwaka mzima kwenye pipa lililofunikwa, maana mayai ya minyoo ni sugu.

Choo cha pampu ya mkono, kile cha bakuli la kauri na mpini pembeni, kinavuta maji ya bahari na kusukuma uchafu nje au kwenye tangi. Ni imara, hakitegemei betri, na hakijali mtu kachamba kwa kopo au kwa chupa, ilimradi tangi ni kubwa. Kinafaa boti yenye chumba, tangi la lita 60 au zaidi, na mwenyewe anayekubali kushika spana. Kila ukipiga pampu unaongeza maji tangini: lita moja mpaka tatu kwa mtu mmoja, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2. Kabla ya kununua uliza swali moja: seti ya mipira yake ya ndani inapatikana wapi na kwa muda gani? Kile kilimi cha mpira mlangoni mwa pampu, kinachozuia uchafu usirudi, kinachakaa na inafaa kubadilishwa kila mwaka. Kama seti inaagizwa nje na kuchukua miezi, nunua mbili siku hiyohiyo, uziweke pakavu.

Cha umeme ni hichohicho, ila mota inasaga na kusukuma. Watu wanaogopa kitamaliza betri, na hofu hiyo haina msingi mkubwa: kinavuta ampea 20 hivi, lakini kwa nusu dakika tu, na matumizi 24 kwa siku hayafiki ampea-saa 5. Kinachokiua ni waya mwembamba, viungo vilivyoliwa na chumvi, na pedi iliyotupwa ndani na mtu aliyeona aibu kuuliza aiweke wapi. Mimi ningekiweka kwenye boti ya hoteli yenye fundi wake wa kudumu, si kwingine.

Hatua ya 5: Ikibidi kutoboa chombo

Hapa ndipo choo kinapoweza kukuzamisha, kwa hiyo soma taratibu.

Choo cha pampu kinataka matundu mawili chini ya maji: la kuvutia, kwa kawaida milimita 19, na la kutolea, milimita 38. Ukiwa na tangi na ukaamua kutomwaga baharini kabisa, la pili unaliacha, na mimi ningekushauri uliache. Tundu la milimita 38 lililo nusu mita chini ya usawa wa maji likifunguka linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Ni ndoo kubwa tano kila dakika. Hakuna baharia wa kufua maji kwa kata kwa kasi hiyo.

Chombo cha mbao usikitoboe bila fundi aliyekijenga au anayejua kazi hiyo. Kilwa Kivinje wapo waliozaliwa kwenye kazi ya majahazi. Mbao zinavimba na kukauka, zinacheza kwenye mataruma (mbavu za chombo), na tundu lililokaa karibu na mshono wa kalafati litaanza kuvuja msimu wa pili. Kwa jahazi mimi nasema usitoboe, weka choo cha kubebeka. Faiba ni rahisi zaidi, mradi kingo za tundu zipakwe rezini ili maji yasipenye ndani ya matabaka, na uweke ubao au bamba la kutandaza uzito upande wa ndani. Chombo kikiwa kimesajiliwa, mtaarifu mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla ya drili.

Valvu ziwe za baharini, za shaba nyeusi au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Zile za shaba njano za mabomba ya nyumbani zinang'aa na bei yake inavutia, lakini maji ya chumvi yanaila zinki iliyomo na valvu inabaki kama biskuti. Siku unaizungusha mpini unabaki mkononi. Kila mpira ubanwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Pembeni ya kila valvu funga kwa kamba kizibo cha mbao laini kilichochongwa ncha, kipimo cha tundu hilohilo. Valvu ikikatika, unakigongomea.

Halafu kuna suala la maji kujivuta yenyewe. Bakuli likiwa chini ya usawa wa maji, bahari inaweza kuingia kupitia mpira wa kuvutia bila mtu kugusa pampu, na boti ikazama ikiwa imefungwa gatini, bahari shwari. Kinga yake ni kuupandisha mpira unaotoka kwenye pampu kwenda bakulini juu ya usawa wa maji, kama sentimita 20 juu ya pale maji yanapofika chombo kikilala upande, uinamishe tena kushuka bakulini, na pale juu kabisa uweke kiungo chenye tundu la hewa. Tundu hilo linaziba kwa chumvi, lisafishe. Na wafundishe watu wote: choo kisipotumika, valvu imefungwa.

Tundu la kuvutia liwe mbele ya la kutolea au upande wa pili, vinginevyo utaoshea bakuli kwa ulichokitoa. Na kama boti yako inakaa chini maji yakipwa, kama nyingi za Mikindani, usipige pampu mpaka ielee vizuri. Tope na mwani vikiingia kwenye pampu, siku yako imekwisha.

Hatua ya 6: Tangi na mipira

Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 60 likijaa ni kama kumpandisha mtu mzima. Liweke chini, katikati, karibu na mkuku, lifungwe lisisogee hata boti ikipigwa na kusi ubavuni. Plastiki nene ni bora kuliko chuma, kwa sababu mkojo na chumvi vinakila chuma kuanzia kwenye maungio.

Bomba la hewa la tangi ndilo linalopuuzwa. Wengi wanaweka kajibomba kembamba, linaziba, tangi linavimba na chumba kinanuka. Weka la milimita 25 au zaidi, fupi, lisilo na kona nyingi, lipande moja kwa moja mpaka nje. Hewa ikiingia kwa wingi, wanaofanya kazi mle ndani ni bakteria wasiotoa harufu mbaya.

Mipira ya uchafu iwe ile iliyotengenezwa kwa vyoo vya boti. Wa bustani au wa kuvutia maji ya kisima utaanza kupitisha harufu kwenye ngozi yake ndani ya miezi. Ukitaka kujua mpira upi unanuka, chovya kitambaa kwenye maji ya moto, ufunike mpira mpaka kipoe, kisha kinuse kitambaa ukiwa nje. Mkojo ukikutana na maji ya bahari unajenga magamba ya chokaa ndani ya mpira, unaona pampu inazidi kuwa nzito kila wiki. Siki ya jikoni, nusu lita, ikilala usiku mzima kwenye mpira, inayalegeza. Siki na jiki visikutane hata siku moja: vinatoa gesi ya klorini, na chumba cha choo cha boti hakina pa kukimbilia. Jiki na mkojo uliolala ni hivyo hivyo, gesi yake ni mbaya.

Hatua ya 7: Chumba chenyewe

Choo kisicho na faragha hakitatumika, hata kiwe cha bei gani. Turubai la kufunga kwa kamba pande tatu linatosha kwenye boti ya wazi, likiwa refu kumfunika mtu aliyesimama, na lisiwe jepesi la kuonyesha kivuli jua likiwa nyuma. Liweke mbali na nahodha na mashine, watu hawapendi kukaa chooni sentimita chache kutoka kwa mtu anayeongea na simu. Weka mshiko imara kila upande kwa mama mtu mzima anayeketi boti ikiyumba, ndoano ya kutundikia kanga au mkoba, na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa pedi na karatasi. Ndoo hiyo ioneshwe abiria wanapopanda, kwa sauti ya kawaida, pamoja na makoti ya kuokolea.

Kuna atakayeuliza choo kinaelekea wapi, kwa wanaoepuka kuelekea kibla. Chombo kikitia nanga kinazunguka na maji, na kikitembea kinafuata safari, kwa hiyo fundi hawezi kukupangia hilo. Kiweke mtu akae akitazama mbele au nyuma ya boti, maana ndivyo asivyoyumbishwa pembeni.

Hatua ya 8: Kijaribu bila abiria

Jaza tangi maji safi mpaka juu, kisha toka nje ya ghuba upigwe na mawimbi ya kweli, ikiwezekana msimu wa kusi. Kabla ya kuondoka funga karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila kiungo cha mpira. Karatasi inaonyesha tone ambalo macho hayalioni. Zungusha boti pande zote mbili, simamisha, piga pampu. Mwambie mtu mnene kuliko wote mnaofahamiana akae kwenye kiti, achuchumae, ashike mishiko. Beba tangi la kubebeka likiwa limejaa maji kutoka kwenye boti mpaka kwenye choo mlichokubaliana, wakati wa maji kupwa ya bamvua, ujue kama njia hiyo inabebeka.

Kisha iache boti usiku mmoja kwenye nanga, valvu ya kuvutia ikiwa wazi, mtu akilala ndani. Alfajiri apapase chini ya kila valvu na ndani ya ngama, pale chini kabisa maji yanapojikusanya. Pakiwa na unyevu hata kidogo, boti inapandishwa mchangani siku hiyohiyo, na safari ya abiria inasubiri.